Habari inafika na jeneza, hatari ilianza kwa mkataba

Mama mmoja wa Manyatta alikuja hapa kwa saiba yangu, duka la kompyuta na printi, Kondele mjini Kisumu, Jumatano moja asubuhi, hata sijamaliza kuwasha mashine zote, akaweka simu kwa meza akaniambia nyathina, yaani mtoto wangu, nisomee hii vizuri, mimi naona tu picha ya jeneza. Ilikuwa posti ya Facebook, herufi kubwa kubwa, Wakenya wengine wafa Saudi, na chini yake picha ya sanduku uwanja wa ndege ambayo mimi mwenyewe nimeiona ikiwekwa kwa stori kama tano tofauti. Msichana wake alikuwa anasafiri Riyadh Jumanne inayofuata. Mkataba wake nilikuwa nimeuprinti mimi. Akaniuliza, hii ni kweli ama ni hizi habari zao tu?

Nikamwambia ni kweli, na hapo hapo nikajua nimemjibu nusu. Habari yenyewe haikuwa na uongo, lakini haikumpa kitu chenye angeweza kutumia. Haikusema ni wangapi kati ya wangapi, haikusema walikufa vipi, haikusema walienda na ejenti gani wala walikuwa kwa nyumba ya nani, na huyu mama alikuwa na siku sita za kuamua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia venye vyombo vya habari huripoti hatari za mtu akiwa nchi ya watu, awe mtalii, awe mzungu wa shirika anaishi Milimani hapa, awe dada yetu anayepikia watu Jeddah, na nataka tuifungue hii maneno polepole juu inagusa karibu kila boma huku kwetu.

Tuanze na hizo namba za Saudi. Mwaka wa 2021 aliyekuwa katibu wa wizara ya mambo ya nje, Macharia Kamau, aliambia kamati ya bunge kwamba Wakenya 89 wamekufa Saudi Arabia kwa muda wa miaka miwili hivi, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Halafu Machi 2025 New York Times wakatoa uchunguzi wao wakisema angalau Wakenya 274, wengi wanawake, walikuwa wamefia huko ndani ya miaka mitano. Hizo namba mbili ndizo zinazunguka mpaka leo, na mara nyingi zinazunguka bila mwaka, mtu anasoma 89 anadhani ni ya mwezi huu.

Sasa fuata hiyo namba ya 89 mahali ilitoka. Ripota hakuhesabu miili. Yeye aliipata bungeni, bunge likaipata kwa wizara, wizara kwa ubalozi, na ubalozi ukaitoa kwa karatasi ya hospitali ya kule. Na hiyo karatasi mara nyingi sana imeandikwa moyo ulisimama. Jamani, nani amewahi kufa na moyo ukaendelea kupiga? Hiyo si sababu ya kifo, ni kifo chenyewe kimeelezewa kwa maneno ya daktari. Hata huyo katibu aliwaambia wabunge haiingii akilini kwamba vijana wote hao wanakufa na moyo. Lakini stori ikifika kwa gazeti inaandikwa tu alifariki kutokana na mshtuko wa moyo, kama kitu kimethibitishwa, kwa sababu ripota hana matokeo mengine ya upasuaji wa maiti, hana daktari wa kumpigia, na mhariri anataka stori kabla ya saa kumi. Familia ndiyo inakuja kuona alama kwa mwili siku ya kuupokea, na hapo ile stori ya kwanza imeshasomwa na watu laki moja.

Kuna kitu kingine ambacho naona watu wengi hawakifikirii, kwamba kazi ya ndani inafanyika ndani. Gadi wa duka kubwa Doha anaonwa na watu siku nzima, mtu wa mjengo ako na wenzake, lakini yaya ako nyuma ya geti na hakuna ripota anaweza kubisha hodi hapo. Chini ya ule mfumo wanaita kafala, kibali chako cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri, ukitoka kwake bila ruhusa unahesabika umetoroka na ni wewe unatafutwa na polisi. Machi 2021 Saudi walianzisha mageuzi ya sheria za kazi, mfanyakazi anaweza kubadilisha mwajiri na kutoka nchini bila kuomba ruhusa kama zamani, na ukisoma vichwa vya habari vya wakati huo ungedhani kafala imezikwa. Wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya hayo mageuzi. Hao ndio dada zetu.

Kwa hivyo habari yenyewe inatoka kwa nani? Inatoka kwa yule msichana mwenye simu. Anajifungia bafuni, anarekodi dakika moja akilia, inaingia TikTok, inafika kwa magrupu ya WhatsApp, saa nane redio zetu za hapa zinaisoma, jioni iko runinga, siku ya tatu mbunge anaongea na siku ya kumi mtoto anarudi nyumbani, na ni vizuri sana anarudi. Lakini mwenye alinyang'anywa simu siku aliyofika hana vidio, na kwa hesabu ya magazeti yeye ako sawa tu. Nimekuja kuogopa kimya kuliko vidio. Kuna Mkenya anaitwa Malcolm Bidali, alikuwa gadi Qatar, na alikuwa akiandika mtandaoni kwa jina la Noah kuhusu maisha ya wafanyakazi wenzake, vile wanalala, vile wanaishi, mambo ya kila siku ambayo mgeni aliyetumwa na gazeti kwa wiki moja hawezi kuyajua. Mei 2021 wakamshika, wakamweka ndani karibu mwezi mzima, mwishowe wakamtoza faini ya riyali 25,000. Fikiria hiyo bei ya kuandika ukweli wa chumba chako mwenyewe, halafu ujiulize ni wangapi waliona hivyo wakafunga midomo.

Na upande ule mwingine pia upo, siwezi kuuficha. Mamia ya maelfu ya Wakenya wako Ghuba, na pesa ambazo Wakenya wote walio nje walituma nyumbani mwaka wa 2024 zilikuwa kama dola bilioni 4.9. Huyo mama wa Manyatta ana jirani ambaye bintiye amemjengea nyumba ya mawe na pesa ya kazi ya Dammam huko Saudi, na hakuna gazeti litakuja kupiga picha hiyo nyumba. Mama ana jeneza kwa simu na ana nyumba ya mawe ng'ambo ya ua, vyote viwili ni vya kweli, na hakuna mtu amemwambia katikati kuna nini. Watu wengine wanasema basi piga hesabu, gawanya vifo kwa idadi ya walioenda utaona ni kidogo. Mimi hiyo hesabu hainitoshi. Hawa ni wasichana ambao walipimwa afya kabla ya kupewa viza, wengi wako miaka ishirini na kitu, mtu kama huyo akifa kitandani lazima kuwe na maelezo, na yasipokuwepo basi hata wachache ni wengi.

Sasa geuza. Sisi watu wa Kisumu hii kitu tunaijua pia kutoka upande wa kuripotiwa. Mei 2022 tulikuwa na Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, hapa mjini, maelfu ya wageni kutoka Afrika nzima, wakalala, wakatembea, wakakula samaki Dunga, wakaenda zao. Miezi mitatu haijaisha, uchaguzi wa tarehe 9 Agosti ukikaribia, ubalozi wa Marekani ukatangaza kwamba umewawekea wafanyakazi wake mipaka ya kutembea Kisumu. Hapa watu waliumia, viongozi wakalalamika, na kwa magazeti ikawa Marekani yaonya kuhusu Kisumu, wengine wakaiandika kama vile vita imeshaanza.

Kitu hatukuelezewa ni kwa nini karatasi kama hiyo huandikwa. Desemba 1988 ndege ya Pan Am 103 ililipuliwa juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, watu 270 wakafa, na baadaye ikajulikana kulikuwa na onyo kuhusu ndege za Pan Am ambalo lilikuwa limebandikwa ubalozi wa Marekani Moscow wafanyakazi walisome, ilhali abiria wa kawaida hakuna aliyewaambia. Watu walikasirika sana, na tangu hapo Marekani wanafuata sera kwamba onyo la usalama ukiwapa watu wako wa ubalozi lazima raia wengine pia walipate. Kwa hivyo afisa akisema tu watu wetu wasitembee Kisumu wiki hii, ni lazima aliweke mtandaoni. Sehemu ya hilo onyo ni usalama, sehemu ni kujikinga asije akashtakiwa. Mimi sisemi walikosea, hata sisi tunajua Kondele wakati wa maandamano iko vipi, mimi hufunga saiba nikaenda nyumbani mapema. Shida yangu ni kwamba ripota alichukua karatasi ya ofisi akaifanya habari bila kuja hapa kuuliza mtu wa boda kama leo kuko sawa.

Na hizo karatasi zina meno. Marekani tangu Januari 2018 wanapanga nchi zote kwa ngazi nne, ya kwanza tahadhari ya kawaida, ya nne usiende kabisa. Waingereza wao wakishauri watu wasiende mahali, bima nyingi za safari zinakoma kufanya kazi hapo, na bima ikikoma kampuni za watalii hazibaki. Mei 2014 ndivyo ilivyokuwa Mombasa, kampuni za Thomson na First Choice zikabeba mamia ya Waingereza kuwarudisha kwao na kufuta safari mpaka Oktoba, ingawa ushauri wenyewe haukuwa umetaja Diani wala uwanja wa ndege wa Moi. Lakini nani alisoma ramani? Gazeti la Uingereza liliandika Kenya, mtu akasikia Kenya, na mpishi wa hoteli Diani akarudishwa kwao Kakamega bila kazi. Mwaka huo huo Ebola ilikuwa Liberia, Sierra Leone na Guinea, na watu wakawa wanafuta safari za kuja Mara, ilhali kutoka Freetown kwenda Madrid ni karibu kuliko kutoka Freetown kuja Nairobi. Sikusikia mtu akifuta safari ya Madrid kwa sababu hiyo.

Hapa ndipo tunafika kwa kitu kinachonichoma zaidi, pasi ya kusafiria. Habari ya hatari ugenini hupimwa kwanza kwa pasi ya aliyeumia. Novemba 2018 watu wenye bunduki waliingia Chakama kule Kilifi wakamteka Silvia Romano, msichana wa Italia aliyekuwa akijitolea na watoto. Kwa miezi 18, mpaka aliporudishwa kwao Mei 2020, jina lake lilikuwa kwa magazeti, na lilistahili kuwa, mtu ametekwa. Lakini usiku ule ule watu watano wa kijiji walipigwa risasi, watoto wakiwemo. Hao walipata sentensi moja, mistari ya chini. Aprili 2019 Mandera, madaktari wawili wa Cuba wakatekwa wakienda kazini na polisi aliyekuwa akiwalinda akauawa hapo hapo. Uliza mtu yeyote jina la huyo polisi.

Ama chukua zile kambi za utapeli wa mtandaoni Myanmar. Kuanzia 2022 vijana wetu walikuwa wakidanganywa na kazi za kuhudumia wateja Thailand, wanafika Bangkok, wanapakiwa gari usiku, wanavushwa mto Moei, na wanajikuta ndani ya kambi wanalazimishwa kutapeli watu kwa simu, asiyefikisha lengo anapigwa. Familia zililia, wizara ikatoa maonyo, na dunia ikaendelea na mambo yake. Januari 2025 mwigizaji mmoja wa China, Wang Xing, akapotea mpakani huko huko, akapatikana baada ya siku chache, China nzima ikachemka, na wiki chache baadaye maelfu ya watu wakaanza kutolewa kwa kambi za eneo la Myawaddy, Wakenya wakiwemo. Tulishukuru sana. Lakini wetu walikuwa ndani miaka yote hiyo.

Na sisi tunafanya vile vile, tusijitoe. Kukitokea tetemeko ama shambulio nchi fulani, sentensi ambayo mtangazaji wetu anakimbilia ni hakuna Mkenya aliyeathirika, halafu tunaingia michezo. Juni 2025 basi lilikuwa limebeba Wahindi 28 ambao wanaishi na kufanya kazi Qatar, wamekuja kututembelea, likaanguka barabara ya kutoka Nakuru kuelekea Nyahururu, wengine wakafa na mtoto mdogo alikuwa kati yao. Kwao Kerala hawa walikuwa watu wenye majina, kijiji, kazi na picha za harusi. Hapa wakawa watalii wa kigeni, na kesho yake tukaendelea na siasa.

Hata majina tunayowaita yanaonyesha. Nesi wa Siaya aliyeenda London ni diaspora, mzungu anayefanya kazi hapa ni mtaalamu wa kigeni, na dada wa Vihiga aliyeenda Riyadh ni mjakazi. Wote walipanda ndege kutafuta kazi.

Barabara ndiyo ningependa iripotiwe kama hatari ya msafiri. Mgeni akija huku kwetu anaulizia ugaidi na wezi, hakuna anayemwambia kwamba pale Londiani Juni 2023 lori liliua watu 52 jioni moja, ama kwamba NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, walihesabu vifo 4,748 barabarani mwaka wa 2024, ama kwamba ukilala kando ya ziwa bila neti malaria itakupata kabla ya mwizi. Ajali ikishakuwa ya kila wiki inakoma kuwa habari, na kitu kikikoma kuwa habari msafiri hakihesabu.

Sasa turudi kwa mkataba, juu ndio mwanzo wa haya yote. Hatari ya mtu anayeenda ng'ambo inaanzia hapa nyumbani, kwa ofisi ya ghorofa ya pili yenye kalenda ya Dubai kwa ukuta, na habari huwa hazifiki hapo mpaka mtu aumie. Mambo ya Uasin Gishu ya kupeleka wanafunzi Finland na Canada yalivyolipuka 2023, wazazi wamelipa mamilioni na watoto wako nyumbani, iliripotiwa yote kama siasa, nani alikuwa gavana, nani ameshtakiwa. Sikuona mahali imeelezewa kwa mzazi mwingine wa Nandi au Bungoma jinsi ya kujua mpango kama huo una shida kabla hajauza ng'ombe. Vivyo hivyo Novemba 2025 Musalia Mudavadi akiwa waziri wa mambo ya nje aliposema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi kwa ile vita ya Ukraine, stori ikawa vita na Putin. Kile kijana wa Kakamega alihitaji kujua ni tangazo lenyewe liliandikwaje, liliahidi kazi gani na nani alilipa tiketi, maana tangazo kama hilo bado liko kwa simu yake.

Mama wa Manyatta hatukumaliza naye siku hiyo. Alirudi Alhamisi na msichana mwenyewe. Tukaifungua ile posti tena nikawaonyesha haina tarehe, haina jina la aliyekufa, haina aliyesema. Tukaiacha. Tukaingia kwa orodha ya ejenti waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, jina la ejenti wake likawepo, hapo mama akapumua. Lakini mkataba ulikuwa na jina la ofisi ya Riyadh tu, jina la mwajiri hakuna, na msichana alikuwa hajui anaenda kwa nyumba ya watu wangapi. Nikawaambia hiyo ndiyo habari yenu, hiyo nafasi iko wazi hapo. Wakampigia ejenti hapo hapo kwa spika. Alikuwa mkali mwanzoni, akasema kila mtu husafiri hivyo, mama akamwambia, baba, mimi sina haraka, mtoto atasafiri siku jina litafika.

Lilifika baada ya wiki mbili, jina, namba ya simu na mtaa. Msichana akasafiri mwezi uliofuata. Aliacha hapa kopi ya pasi, kopi ya mkataba na namba ya ubalozi wetu Riyadh, ziko kwa folda moja yenye jina lake kwa mashine ya tatu, na mama amezikunja zingine ndani ya Biblia. Kila Ijumaa jioni mama anakuja tunasikiza sauti anayotuma binti yake. Ijumaa iliyopita ilifika saa tatu usiku, nilikuwa nimeshafunga lakini sikuwa nimezima taa, tukaisikiza tukiwa tumesimama mlangoni.